Ndoano Isiyo na Kimwiba: Siku Sita kati ya Dodoma, Hombolo na Mtera

Alhamisi, Dodoma

Tangu asubuhi nimekaa barazani, hapa Chang'ombe, koleo mkononi, navunja vimwiba vya ndoano. Kila ndoano ina ncha, na nyuma kidogo ya ncha kuna kimwiba kinachotazama nyuma. Hicho ndicho kinachomzuia samaki asichomoke. Unakibana kwa koleo mpaka kilale, kisha unapitisha kipande cha pamba juu yake. Pamba ikinasa, bado. Ikiteleza, tayari. Nimemaliza ndoano arobaini.

Mtoto wa dada yangu yuko likizo ya Juni na ndiye atakayenisindikiza. Alinitazama muda mrefu kabla ya kuuliza: "Mama mdogo, sasa si samaki atatoroka?" Nikamwambia ndiyo, wengine watatoroka. Akanyamaza, ila nilimwona hajaridhika.

Safari yenyewe imetokana na simu. Mjomba wangu ni mvuvi wa bwawa la Mtera, miaka thelathini na ushee sasa. Niliporudi kutoka Uskoti, ambako nilisoma mwaka mmoja Aberdeen, nilimsimulia jinsi nilivyokuwa nikitumia Jumamosi zangu kwenye Mto Dee, nikimsaidia mzee mmoja ambaye kazi yake ni kuwaongoza wavuvi wa samoni, samaki anayetoka baharini kwenda kutaga mtoni. Nikamwambia kwamba watu hulipa fedha nyingi, husimama kwenye maji ya baridi kutwa nzima, mwingine hupata samaki mmoja kwa wiki, mwingine hapati kabisa, na huyo mmoja wanamrudisha mtoni akiwa hai. Mjomba alikaa kimya mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema, "Mpwa wangu, hiyo si kumtesa samaki tu?"

Swali hilo limenikaa kifuani miezi minne. Nilimjibu kwamba nitakuja, tukaliongelee majini.

Ijumaa, Hombolo

Nilitaka kijana azoee mshipi karibu na nyumbani kabla hatujafika kwenye maji makubwa. Hombolo ni kama kilomita 40 kutoka mjini; unaacha barabara kuu ya Morogoro pale Ihumwa, unapita mashamba ya mizabibu, halafu bwawa linajitokeza ghafla kwenye nchi kavu. Lilijengwa mwaka 1957, na kila masika mchanga unaoshuka na mafuriko unazidi kulijaza. Upepo ulikuwa mkali, ule wa Juni unaokausha midomo. Tulijitambulisha kwa wavuvi tuliowakuta, tukaonyeshwa mahali pa kukaa.

Chambo chetu kilikuwa ugali. Haikupita nusu saa kijana akapata perege wa ukubwa wa kiganja. Alipiga yowe la furaha, akamvuta hadi nchi kavu. Samaki akajigaragaza kwenye mchanga, naye akamkamata kwa mikono miwili mikavu, akambana kama mtu anayekamua nguo, akanikimbilia nimpige picha. Nikapiga. Kwenye picha ya kwanza alikuwa amefumba macho, nikapiga na ya pili.

Tulipomrudisha majini, perege alielea kwa ubavu, akapepea mara mbili, akageuka tumbo juu.

Kosa ni langu. Yule mzee wa Dee alikuwa akinikumbusha kila Jumamosi: samaki akitoka majini, na wewe ziba pumzi yako, ukiona huwezi tena, naye hawezi. Mwaka mzima nimelisikia neno hilo, na siku ya kwanza tu nyumbani nimeshika simu badala ya samaki. Usiku huu nimeangalia saa za zile picha mbili. Kati ya ya kwanza na ya pili zimepita sekunde 50, na hapo sijahesabu mbio zake kutoka ukingoni.

Samaki aliyepigana na mshipi ni kama mtu aliyepanda mlima mbio. Misuli imejaa asidi, damu inadai hewa. Ukimtoa majini wakati huo huo, vile vinyuzi vyekundu vya mashavuni vinalaliana na kugandamana, asipate hata pumzi moja. Ndiyo maana miongozo ya kuachia samoni inasema asikae hewani zaidi ya sekunde 10, na iliyo bora zaidi inasema asitoke kabisa: mwondoe ndoano akiwa ndani ya maji. Kule jimbo la Washington, Marekani, jambo hilo limeingizwa kwenye sheria yenyewe. Kwenye mito yao, samoni unayetakiwa kumwachia huruhusiwi kumwinua mwili wote nje ya maji, hata kwa ajili ya picha.

Na mikono ilowe kwanza. Ule utelezi unaotuudhi tukimparua samaki jikoni ndio kinga yake. Mkono mkavu ukiukwangua, au mchanga, samaki anaondoka akionekana mzima, na baada ya siku chache ukungu mweupe unamshika pale pale palipokwanguka. Huyo hufa bila wewe kujua. Hili ndilo linaloniuma zaidi katika shughuli hii nzima: mtu anaweza kuachia samaki kumi, akarudi nyumbani na moyo mweupe, na wanne kati yao wakafia chini mahali asipopaona.

Kijana alilia kidogo, akijificha nyuma ya kofia. Perege tulimbeba, jioni tukamkaanga. Nilikula taratibu.

Jumamosi, njiani

Basi la Iringa liliondoka stendi ya Nanenane saa 2 asubuhi. Mpunguzi, Fufu, Chipogolo. Mibuyu, mawe, mbuzi, lami nzuri. Kijana alilala njia nzima.

Mtera unaijua kabla hujaiona, kwa harufu ya samaki wa kukaanga. Basi likisimama tu, madirisha yote yanajaa mabeseni. Kisha unaona ukuta, na nyuma yake maji mpaka upeo wa macho. Hapa ndipo mito ya Ruaha Mkuu na Kisigo ilipozibwa miaka ya 1970. Umeme wa hapa ni megawati 80, na maji yakishatoka yanaendelea hadi Kidatu kuzungusha mitambo mingine. Upande huu ni Dodoma, ukivuka ni Iringa, na samaki hawajui mpaka huo.

Mjomba alikuwa anatungoja kando ya barabara. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, mpwa wangu. Na huyu ndiye mjukuu? Mbukwenyi!" Kijana hakujua aitikie nini kwa Kigogo, mjomba akacheka, akamtwika begi langu.

Jumapili, Mtera

Leo hakuna aliyegusa maji. Mjomba ni Mwanglikana wa kizamani. Jumapili nyavu zake hukaa kwenye kamba. Tulikwenda kanisani, tukarudi, tukala wali na kambale, kisha tukahamia chini ya mkwaju. Nikamwambia kwamba Uskoti nako sheria inakataza kuvua samoni siku ya Jumapili. Alifurahi sana kusikia hivyo. "Kumbe wanamjua Mungu," akasema, na kuanzia hapo akawa tayari kunisikiliza.

Alianza na swali la mvuvi: mto ni wa nani? Nikamweleza kwamba Uskoti haki ya kuvua samoni ni mali ya mtu, inanunuliwa na kurithiwa kama nyumba, hata mbali na ardhi ya ukingoni. Huendi kukata leseni ya serikali. Unaomba kibali kwa mwenye haki hiyo, unalipa kwa siku au kwa wiki. Mjomba akatikisa kichwa. Hapa Mtera unakata leseni yako, chombo chako kinasajiliwa, unajulikana na viongozi wa mwalo, unaingia majini. Bwawa ni la wote. Nami nikisema kweli, utaratibu wetu ndio naupenda zaidi, ingawa naona ulinzi wake ni mgumu, kwa sababu kitu cha wote kila mtu hungoja mwenzake akilinde.

Swali la pili: nani aliwaambia waachie? Hapo nikachukua muda.

Zamani kila samoni aliyenaswa aliuawa. Wakaanza kupungua, kwa sababu nyingi ambazo mvuvi wa fimbo na mshipi hahusiki nazo zote: mabwawa yaliyoziba njia ya kupanda mito, nyavu za baharini, maji machafu, bahari kubadilika joto. Kanada, jimbo la New Brunswick, waliamuru mwaka 1984 kwamba samoni mkubwa, wa sentimita 63 na kuendelea, arudishwe mtoni. Wakubwa wengi ni majike yenye mayai mengi. Uingereza na Uskoti zilikuja baadaye, kidogo kidogo. Uskoti walipiga marufuku kuuza samoni aliyevuliwa kwa fimbo mwaka 2002, ili fedha isimvute mtu kuua. Siku hizi samoni yeyote anayenaswa kabla ya tarehe 1 Aprili lazima arudishwe, kila mto. Tangu 2016 mito imepangwa kwa madaraja matatu, kila mwaka inahesabiwa upya, na mto wa daraja la tatu hauruhusiwi kutoa hata samaki mmoja mwaka mzima. Wales walikwenda mbali zaidi: kuanzia mwaka 2020, kila samoni, kila mto, anarudishwa.

"Na akifia mkononi?" mjomba akauliza.

Nikasema hata huyo. Palipo na amri ya kurudisha, huruhusiwi kwenda naye nyumbani, awe hai au amekufa.

Mjomba aliinuka, akazunguka mkwaju, akakaa tena. "Hiyo ni dhambi. Chakula kinatupwa?"

Nilimwelewa. Mimi nami mara ya kwanza niliposikia nilidhani nimesikia vibaya. Lakini fikiria mwalo ambapo anayekufa kwa bahati mbaya anaruhusiwa kuliwa. Bahati mbaya zitakuwa nyingi kuliko mvua. Mjomba alifikiri, kisha akasema kweli, anawajua watu watatu hapa hapa ambao samaki wao wote wangekufa kwa bahati mbaya.

Nikamwambia pia kwamba si kila mahali wanakubaliana. Ujerumani sheria yao ya kulinda wanyama inataka uwe na sababu ya maana ya kumuumiza mnyama. Kumnasa samaki wa kuliwa kwa nia ya kumwachia tu hakuhesabiwi kuwa sababu. Uswisi nao tangu 2009 wanakataza kuvua kwa nia hiyo. Anayefaa kuliwa unamuua upesi na kumla. Usiyemhitaji, usimtegee ndoano.

"Sasa hao," mjomba akasema, akinyoosha kidole, "hao wanasema ninachosema mimi."

Na mimi sikumpinga, kwa sababu nadhani wana hoja. Ukiniuliza samaki anaumia, nitasema anaumia. Ninachoshikilia ni kingine: palipo na samaki wachache na watu ambao hawataacha kuvua, kumrudisha vizuri kunaokoa kizazi ambacho kumuua kungekimaliza. Maji yakiwa ya baridi, mikono ikiwa mizuri, samoni zaidi ya tisa kati ya kumi huishi. Kwenye maji ya moto hesabu hiyo inavunjika. Ndiyo maana kwenye Mto Miramichi, Kanada, maji yakipita nyuzi 20 wanafunga vile vidimbwi vya baridi ambako samoni wanakimbilia, na hakuna anayetupa mshipi humo, hata wa kuachia.

Wakati mwingine hata kuachia hakutoshi. Juni 2024 Norwe walihesabu samoni waliorudi kutoka baharini, wakaona ni wachache mno, wakafunga mito 33 katikati ya msimu. Mjomba akasema mwaka huo huo Ziwa Tanganyika nalo lilifungwa, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Shemeji yake yuko Kigoma, alikaa miezi mitatu akirekebisha nyavu. Nilikuwa nimeshasahau kwamba mambo hayo mawili yalitokea pamoja. Mzungu wa Norwe alirudisha fimbo yake kabatini akaenda kazini Jumatatu. Shemeji wa mjomba alikopa unga. Sheria zinafanana, lakini mzigo haufanani, na mtu anayetunga kanuni za uvuvi bila kuliona hilo hajawahi kukaa mwaloni.

Desemba 2023 samoni wa Atlantiki aliingizwa rasmi kwenye orodha ya viumbe walio karibu na hatari ya kutoweka. Nilimwambia mjomba hilo mwisho, jua likishuka. Akauliza, "Samaki yule yule anayeuzwa madukani?" Nikamwambia wa madukani karibu wote wamefugwa kwenye vizimba baharini. Wa mtoni ni mwingine, ana mto wake aliozaliwa, na akitoka baharini anarudi kwenye mto huo huo.

Jumatatu, majini

Asubuhi nilipita kwa afisa uvuvi kueleza tunachotaka kufanya, tukaruhusiwa kuvua kwa mshipi tukiwa na mjomba. Alitupa onyo moja: msiingize miguu majini. Kwenye Dee tulikuwa tunasimama mtoni mpaka kiunoni, ukipata samaki unapiga goti naye kwenye maji ya kina kifupi. Hapa kuna mamba na viboko. Kila kitu kitafanyikia mtumbwini.

Nilitumbukiza kipimajoto: nyuzi 23. Samoni angekuwa taabani. Perege ndiyo kwanza anasema kuna baridi.

Samaki wa kwanza alikuwa kambale, alimeza nyungunyungu na ndoano mpaka tumboni. Ndoano iliyofika kule huivuti. Unakata uzi karibu na mdomo na kumwacha aende nayo, kwa maana ukivuta unang'oa utumbo. Ndiyo maana wengi wanaoachia samoni hutumia chambo bandia cha manyoya, ambacho humnasa mdomoni, badala ya nyungunyungu. Nilitoa mkasi. Mjomba akanishika mkono kwa upole. "Huyu ni mkubwa, amekomaa, na nyumbani kuna watu saba. Huyu ni wa kula." Akamgonga kichwani mara moja kwa rungu dogo, sawasawa, akamweka kwenye ndoo. Sikuona sababu ya kubishana, na sikuiona hata sasa ninapoandika.

Kijana alipata perege wake saa 5. Safari hii sikufungua mdomo wala begi la simu. Alimleta polepole hadi ubavuni mwa mtumbwi, akalowesha mikono, akamweka kwenye kimia changu cha mpira, kile cha kupokelea samaki, kilichobaki ndani ya maji. Akavuta pumzi, akaiziba. Nilimwona mashavu yamevimba. Ndoano ilitoka yenyewe, kwa kuguswa tu, maana haina kimwiba. Akateremsha kimia, akamwacha perege asimame pale kwenye kivuli cha mtumbwi. Samoni unamwelekeza kichwa kwenye mkondo, umshike kwa wepesi, mkono mmoja chini ya tumbo na mwingine kwenye shina la mkia, mpaka aondoke kwa nguvu zake. Usimsukume mbele na nyuma, maana maji yakiingia kinyume mashavuni yanamkaba. Hapa mkondo hakuna, kwa hiyo tulingoja tu. Perege alipepea, akazama wima, mgongo juu. Ndipo kijana akaachia pumzi yake, na sote watatu tukaachia.

Mjomba hakusema kitu kwa muda. Alikuwa akipiga kasia. Kisha: "Huyo samoni wenu, anapenda chambo gani?"

Nikamwambia hapendi chochote. Akishaingia mtoni kutoka baharini, hali tena. Wale wa kwanza wanaingia Februari, theluji bado iko milimani, na watataga Novemba. Miezi yote hiyo anaishi kwa mafuta aliyojiwekea huko baharini. Tumbo linasinyaa, mayai yanakua. Lile nyoya lenye ndoano analiuma kwa hasira, au kwa mazoea ya zamani; watu wa kule wanabishana mpaka leo.

Mjomba aliacha kasia.

"Kama mama perege," akasema.

Sikumwelewa mara moja, akanieleza kana kwamba mimi ndiye sijawahi kufika bwawani. Perege jike akishataga, anayakusanya mayai yote mdomoni. Yanaangulia humo. Vifaranga vinatoka kidogo, vikiona kivuli vinarudi ndani, na siku zote hizo mama hali, anakonda kichwa kikawa kikubwa kuliko mwili. Ndoano haimpati huyo. Wavu unampata, kwa sababu wavu haumwulizi kama ana njaa. Na akinaswa anavitema vyote kwa woga. Miaka thelathini mjomba amekuwa akivikuta vifaranga chini ya mtumbwi, vyeusi kama ufuta, akivimwaga na maji machafu.

"Anayefunga kwa ajili ya watoto," akasema. "Ndiyo maana wakaweka sheria ya Aprili?"

Ndiyo maana. Anayeingia mapema ni mama aliye safarini, ana miezi tisa mbele yake ya kukaa bila kula, na wako wachache kuliko wote. Nilisoma kanuni zile darasani, nikazifanyia kazi mtoni, lakini mtu wa kuniwekea jambo lote kwenye sentensi moja nilikuja kumpata kwenye mtumbwi wa Mtera.

Jioni mjomba alitega nyavu. Kijana alimwomba kisu, akachonga alama kwenye fimbo yake. Nilikuwa nimemwambia kwamba wavuvi wa samoni hupima urefu kwa alama kwenye fimbo badala ya kumning'iniza samaki kwenye mizani, maana kumning'iniza kunamuumiza viungo vya ndani. Mjomba alimwonyesha perege wa hapa huanza kuzaa akifikia wapi: kiganja chake mjomba na vidole viwili juu. Alama ikawekwa hapo.

Jumanne, alfajiri

Saa 11 tulikuwa tumeshatoka. Baridi, ukungu mdogo juu ya maji, viboko wakikoroma mbali upande wa Migoli. Nyavu za mjomba zina matundu mapana, wadogo wanapita. Anawachukia watu wa makokoro, zile nyavu za kukokota, kuliko anavyomchukia mamba, maana kokoro linafagia hadi vifaranga, na sheria inalikataza lakini usiku ni mrefu.

Tulikuwa tumekusanya perege kumi na tatu wazuri aliponyoosha mkono ghafla. "Msivute. Msimwinue."

Alikuwa amemwona kabla yetu, hatua mbili chini, kichwa kikubwa, koo limetuna. Mjomba alilala kifudifudi ukingoni mwa mtumbwi, kijana akimshikilia mkanda wa suruali, mimi nikiangalia maji kwa ajili ya mamba huku moyo ukinidunda. Alifanya kazi kwa vidole ndani ya maji, bila kumtoa. Uzi mmoja ulikuwa umeingia nyuma ya shavu. Akaomba mkasi wangu, akakata. Akakata wavu wake mwenyewe, matundu mawili. Nikasogeza kimia cha mpira chini ya samaki ili asianguke ghafla.

Mdomo ukafunguka, wakatoka. Wingu la vidoa vyeusi, labda mia mbili, labda zaidi, likatanda kwenye kimia na kupita kando yake. Mama alibaki amelala ubavu. Mjomba hakumgusa tena. Nilijikuta nimeziba pumzi, ikaniishia, nikavuta nyingine, na ya tatu. Kisha akajiweka sawa. Lile wingu lilijikusanya, likasogea kuelekea kichwani kwake, na nilichokiona kabla hajazama ni kwamba lilikuwa dogo kuliko mwanzo.

Mjomba aliketi, mikono inatiririka maji. "Ile ya Wazungu ya kuvua kwa raha bado siikubali," akaniambia. "Usije ukasema huko kwamba nimekubali." Nikamwahidi. Akautazama wavu uliokatwa, akaufunga fundo, tukaendelea kuvuta. Tulipofika ufukweni, aliosha kimia changu, akakitundika kwenye mti wake pamoja na vitu vyake, na mimi nikafunga begi bila kukitaja.

Basi la kurudi lilipita saa 7 mchana. Nilinunua samaki wa kukaanga dirishani kwa ajili ya dada, mfuko mzima, haraka, bila kuchagua. Tulipokuwa tunapanda kuelekea Fufu nilisikia karatasi ikichakata. Kijana alikuwa amewatoa mmoja mmoja mapajani, anawalaza kwenye fimbo yake, kichwa kwenye kitako, mkia unaelekea kwenye alama. Wanne kati ya tisa hawakuifikia. Aliwafunga wale wanne peke yao, akawaweka kando, na hakuwagusa mpaka tunaingia Nanenane.